Shawa ya umeme ya wati 5,400: kwa dada Dar inaunguza, kwangu Njombe vuguvugu

Nimekaa na hii shawa tangu Machi, sasa hivi Agosti inaisha, kwahiyo naona nina haki ya kuisema. Ni ile ya plastiki nyeupe inayofungwa juu bafuni pale bomba linapotokea, ina kiswichi cha ngazi tatu, baridi, vuguvugu na moto, boksi limeandikwa wati 5,400. Kampuni siitaji, na nikwambie tu mapema kwamba mengi ntakayolalamika hapa sio makosa ya aliyeitengeneza, ni makosa yangu mimi na mkoa niliohamia.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, kwenye zile barabara zetu za namba. Wenyewe tunasema waja leo waondoka leo, haya, mwaka huu nimeondoka mimi. Mume wangu alipata kazi huku Njombe kwenye mambo ya mbao, tukaishi mbali mbali mwaka mzima, nikaomba uhamisho nimfate na watoto wawili. Nafundisha fizikia. Kumbuka hilo la fizikia maana ndo aibu yenyewe ilipo.

Kule nyumbani sijawahi kuwaza maji ya moto ya kuoga hata siku moja. Tunaoga mara tatu kwa siku, na ukifungua bomba saa tisa alasiri unaruka pembeni kwanza maana tanki limeshinda juani. Watu walivyosikia Njombe kila mmoja akawa na lake, mara utapasuka midomo, mara watoto watapata vichomi, shangazi akanipa mafuta ya nazi lita tano nzima (yaliganda yote wiki ya kwanza yakawa kama mafuta ya kukaangia yale ya kopo, mpaka leo nayachota na kijiko). Nikasema sawa, mimi dawa yangu ni moja, maji ya moto bafuni. Tukapitia Dar kwa dada yangu, yeye anayo shawa hiihii, nikaoga kwake nikaungua bega, wallahi niliungua, nikasema hii ndo yenyewe. Kesho yake Kariakoo, 85,000, muuzaji nikamuuliza inafaa mikoa ya baridi, akanijibu "dada hii inafaa popote, hata ukienda ulaya". Nikabeba.

Kufungiwa sasa. Fundi wa huku, kijana mdogo tu, alivyoona waya uliokuwepo bafuni akacheka. "Madam huu ni wa taa, tukifunga hapa nyumba inaungua." Na alikuwa sahihi. Wati 5,400 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 23 na nusu, huo waya wa taa au wa soketi ya kawaida unachemka ukutani na wewe unaoga huna habari. Akavuta waya wake peke yake kutoka meni swichi, wa milimita za mraba 4, akaweka breka ya ampea 32, akahakikisha ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ipo na inafanya kazi. Jumla na ufundi wake ikafika 120,000, yani zaidi ya bei ya shawa yenyewe! Wengi hapo ndo wanapobana hela, wanaunga kwenye taa. Jamani usibane hapo. Maji na umeme kwenye kichwa chako, alafu unabana elfu hamsini?

Siku ya kwanza mume wangu akaiunguza. Aliwasha breka kabla hatujaijaza maji, alipofungulia koki kile chungu cha ndani kikawa bado hakijajaa, koili (waya wa ndani unaopasha maji) ikapiga mlio mmoja tu ikaisha. Koili mpya 15,000 na fundi akarudi tena. Kwenye boksi imeandikwa jaza maji kwanza ndo uwashe, ila kwa maandishi ya kichina na kireno sijui, nani asome. Pia ile swichi ya ngazi usiizungushe maji yakiwa yanatoka, funga koki kwanza, zungusha, ndo ufungue.

Mwezi wa tatu na wa nne nilikuwa naisifia mtaa mzima. Mvua zinanyesha lakini kibaridi chenyewe cha kistaarabu, maji yanatoka moto mzuri, mvuke umejaa, naimba. Nikampigia dada nikamwambia Njombe wanaisingizia tu.

Ikaja Juni.

Aisee. Mimi baridi nilikuwa naijua ya kwenye friji. Hapa tupo karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, huko Makete juu zaidi, asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Wanafunzi wananiuliza "madam mbona unafundisha na glavu". Na ile shawa yangu niliyoiimbia, nikaiweka kwenye moto wa mwisho kabisa, ikatoa maji ya kama yale ya kumuogeshea kichanga. Nikadhani imeharibika. Nikamuita fundi, akapima, akasema iko nzima. Nikamuita tena wiki iliyofuata, akapima, akaniambia kwa upole, "Madam shawa haina shida, maji ndo yamebadilika."

Ndo nikakaa kitako na kalamu. Asubuhi saa kumi na mbili nikachukua kipimajoto cha maabara (nimerudisha, mkuu wangu akisoma hapa ajue nimerudisha) nikachovya kwenye maji ya tanki. Nyuzi 11. Kwa dada Dar yanaingia kama 28. Shawa ya wati 5,400 ukiifungulia lita tatu kwa dakika inaongeza nyuzi kama 26 na haiongezi zaidi ya hapo hata uilaani. Kwahiyo kwa dada 28 inakuwa 54, inaunguza bega la mtu. Kwangu 11 inakuwa 37, yani joto la mwili wako mwenyewe, na bafu lenyewe lina dirisha la nyavu upepo unapita, hapo hausikii moto wowote. Hii hesabu nawapa watoto darasani kila mwaka. Kila mwaka! Na nikaenda kununua kitu Kariakoo kwa kuangalia bega langu.

Alafu kuna jioni. Saa moja mpaka saa tatu watu wote wamewasha vitu vyao mtaani kwetu umeme unapungua nguvu, niliwahi kupima nikakuta volti 180. Ukishuka hivyo usidhani shawa inapungua kidogo, inabaki na kama asilimia 60 tu ya nguvu yake, hapo ni nyuzi 27 hivi, hayo sio maji ya moto, hayo ni ya bombani Tanga tena mwezi wa saba. Nilioga hivyo siku mbili nikaumwa kifua.

Dawa yake ipo ila ina mtihani. Ukipunguza maji yatoke lita mbili kwa dakika joto linapanda, asubuhi umeme ukiwa mzima unafika hadi 50. Shida ni kwamba ndani kuna kitu kinasukumwa na presha ya maji ndo kinawasha koili, presha ikiwa ndogo sana kinaachia, inajizima, na wewe una povu kichwani unashukiwa na nyuzi 11. Hiyo hali siwezi kuielezea kwa maandishi, mwanangu mkubwa aliwahi kutoka bafuni anakimbia uchi mpaka sebuleni na wageni wapo. Sasa tumeweka alama ya rangi ya kucha kwenye koki. Unafungua mpaka alama, unasikiliza, kuna mvumo mdogo kama wa nyuki kwenye mzinga, ukiusikia hapo upo sawa, ukinyamaza ongeza kidogo haraka sana. Na tanki liwe juu, letu tulilipandisha kwenye mnara wa mbao kama mita mbili juu ya kichwa cha shawa, kabla ya hapo ilikuwa inazima zima kila baada ya dakika.

Umeme sasa, maana najua ndo mtakalouliza. Dakika 10 za kuoga ni uniti 0.9. Tuko wanne, tukioga kila mtu dakika 10 mara moja kwa siku ni uniti 3.6, kwa mwezi 108 za kuoga peke yake. Wenye Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya matumizi madogo mnajua mwisho ni uniti 75 kwa mwezi, humo ndani uniti moja na kodi zake ni shilingi 122, ukitoka huko unahamia kwenye 350 na kitu. Tanga na feni usiku kucha na friji tulikuwa hatuvuki. Hapa feni haijawahi kuwashwa, friji imegeuka kabati la kuwekea vyombo, na bado Juni tukavuka. Kwahiyo kuanzia Julai shawa ni ya mimi na baba watoto tu, asubuhi, dakika tano tano, hiyo ni uniti 27 kwa mwezi, tunabaki salama.

Watoto je? Hapo ndo naingia kwa mama mwenye nyumba, ambaye kwakweli ndo alipaswa kuandikiwa nyota tano. Yeye ana pipa lake la kuchemshia maji nyuma ya nyumba, anachochea mabanzi, yale mabaki ya mbao ya viwandani, huku hayana shida kabisa, tripu moja unakaa nayo muda mrefu. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa ananiangalia tu na shawa yangu. Mimi nikipita nasema "kamwene bibi", hicho ndo kibena (lugha ya huku) changu chote, anaitikia, anacheka. Siku niliyotoka bafuni nimejifunika blanketi juu ya taulo ndo akaniita. "Mwanangu, wewe unaoga saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, kama nilivyolelewa. Akasema, "Nani alikwambia hapa watu wanaoga usiku? Oga saa nane mchana jua likiwepo. Usiku nawa miguu, paka mafuta, vaa soksi, lala."

Nilikataa. Pwani mtu kulala bila kuoga ni uchafu na ni aibu, mama yangu akisikia atapanda basi kuja. Ila Jumamosi moja nikajaribu, saa nane mchana, shawa kwenye vuguvugu tu, maji ya tanki yalishapanda mpaka 18, jua linapiga dirishani. Ile ndo mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nimeoga bila kutukana. Sasa wikendi nyumba nzima tunaoga saa nane, watoto siku za shule wanachota kwenye pipa la bibi ndoo moja wanagawana wakirudi, na mimi nimempelekea mafuta ya nazi nusu ya yale ya shangazi, ananiuliza yanapikiwa nini, nikampikia wali. Akasema mzuri ila unanukia kama sabuni.

Huyohuyo bibi ndo aliyenikuta siku moja nataka kuingiza jiko la mkaa chumbani kwa watoto, akanishika mkono. Nakusihi na wewe unayehamia huku, usilale na jiko la mkaa ndani. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, unasinzia tu, na kila msimu wa baridi unasikia familia imekutwa imekufa asubuhi. Nunua mablanketi ya mtumba mawili mawili, ndo salama.

(Na maharage. Hakuna aliyeniambia kuhusu maharage. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, yale yaliyokuwa yanaiva Tanga kabla ya adhuhuri huku mpaka watoto wanasinzia. Loweka usiku.)

Haya, hukumu. Kwa mtu wa Dar, Morogoro, Dodoma, hiyo ya wati 5,400 chukua, nyota nne na nusu, ila utatumia ngazi ya vuguvugu tu. Iringa, Mbeya mjini, nyota tatu, na ujue Juni na Julai utacheza na koki. Njombe na Makete naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya Machi na Aprili. Kama nyumba ni yako tafuta ya wati 7,500, ila hiyo inavuta kama ampea 33, kwahiyo waya wa milimita za mraba 6 na breka ya 40, na uulize kwanza umeme wa mtaa wako jioni ukoje, maana ukiwa na volti 180 hata hiyo itakuangusha. Kama umepanga kama mimi, weka hela kwenye mabanzi. Chujio la pale maji yanapoingilia kwenye shawa lisafishe kila mwezi, mvua zikinyesha maji yanakuja na tope yanaziba, mswaki wa zamani na siki vinatosha.

Alafu nina feni ya kusimama, haijawashwa tangu imefika huku, bado iko kwenye nailoni yake, naiuza 35,000 kwa anayeshuka pwani. Njoo wikendi uiangalie, ila sio saa nane mchana.