Ampu ya tyubu inayopiga kwa nguvu bila kukoroma: kabla hujatoa hela geuza uangalie spika

Mbukwenyi jamani. Leo ni ampu za tyubu, zile zinazokuza sauti ya gitaa kwa taa za kioo badala ya transista, ila kwa ajili yetu sisi tunaopiga gitaa klini, yaani sauti safi isiyokoroma, wa kwaya, wa bendi za harusi, wa dansi, watu ambao kazi yetu ni kila noti isikike peke yake. Miongozo mingi inayozunguka mtandaoni imeandikwa na wapiga roki, wao wanatafuta ampu iwahi kukoroma kwa voliumu ndogo, sisi tunataka kinyume kabisa, ipande juu ya drams na besi na kinanda na bado itoke kama kengele. Ukifuata ushauri wao utanunua kitu kizuri kwao na kibovu kwako, na hilo lilinipata mimi.

Mwaka jana nilinunua ampu ya tyubu ya wati 15, mtumba, kwa muuzaji mmoja Dar, laki tisa na nusu. Chumbani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, ilikuwa tamu ajabu, voliumu kwenye mbili tu nimekaa nayo mpaka saa saba usiku. Jumamosi yake tukawa na harusi ukumbini Kisasa, rumba tumeanza vizuri, imefika sebene, mpiga drams kakolea, mimi sijisikii. Nikapandisha nne, tano, nilipofika sita gitaa likaanza kukoroma kama redio yenye betri zinazokwisha, zile noti pacha za sebene zinazotakiwa kutoka mbili mbili zikawa uji. Mzee anayepiga rizimu kwenye bendi yetu, ameshika gitaa tangu mimi sijazaliwa, akanisogelea sikioni, "Binti, punguza, unaimwaga." Nikapunguza, nikapotea kabisa, ukumbi mzima ukawa unasikia rizimu na kinanda. Maharusi walilipa hela yao, solo hawakuipata, na hilo liliniuma wiki nzima.

Nikajua shida ni wati, ninunue ya 30. Kumbe hapana, au tuseme sio wati peke yake, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu hakuna muuzaji atakayekwambia. Ukizidisha wati mara mbili, 15 kwenda 30, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linaona imepanda kidogo basi. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi, wati 15 iwe 150! Kwa hiyo unalipa karibu mara mbili ya bei kwa kitu ambacho ukumbini hakibadilishi maisha yako.

Sasa angalia spika. Kila spika ina kipimo cha inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja ukiisikiliza kwa umbali wa mita moja. Kuna za 97, kuna za 100, kuna za 102, na hizo namba ndogo ndogo ndo kila kitu. Spika ya 97 ukiibadilisha ukaweka ya 100 umepata sawa na kuzidisha wati mara mbili, bila kugusa tyubu hata moja. Celestion Greenback na Seventy 80 ni za 98. Vintage 30 ni 100, ila ina sauti ya kati inayojitokeza sana, kwa sebene wengine hawaipendi. Celestion Blue ni 100, tamu sana, lakini inabeba wati 15 tu, usije ukaiweka peke yake kwenye ampu kubwa ukaiunguza. Eminence Cannabis Rex ni 102, na kwa klini mi ndo naipenda kuliko zote, ni laini juu, haichomi. Piga hesabu mwenyewe, kutoka 98 kwenda 102 ni desibeli 4, nguvu mara mbili na nusu, yaani ampu ya wati 20 yenye spika ya 102 inasimama sawa na ya wati 50 yenye spika ya 98. Afu ndo unakuta mtu anabishana kuhusu tyubu za Urusi na za China wakati spika hajaiangalia hata siku moja.

Na usidanganyike na "spika wati 100". Hiyo inakwambia spika inavumilia nguvu kiasi gani kabla haijaungua, haisemi chochote kuhusu itapiga kwa sauti gani.

Ile yangu niliifungua mgongo kwa bisibisi, skrubu sita, vumbi la Dodoma lilivyo humo ndani nikafuta kwanza na brashi ya rangi. Nyuma ya sumaku kuna stika ndogo imekunjamana, imeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na wati 30, jina la kiwanda hakuna. Fundi wangu wa pale Majengo alikuwa na Vintage 30 ya omu 8 aliyoitoa kwenye kabati lililopasuka, tukaifunga, nyaya mbili tu, dakika kumi. Tukawasha. Voliumu ileile ya nne, mtoto wa jirani akatoka nje kuangalia kuna nini. Kukoroma bado kunaanza kwenye sita, maana ampu ni ileile, lakini sasa mazoezini nikiwa kwenye nne na nusu nasikika juu ya drams, sina haja ya kufika huko. Hapo ndo nilielewa nilivyopigwa.

Angalizo la kweli kabisa: omu za spika zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu la ampu, 8 kwa 8, na usiwashe ampu ya tyubu ukapiga bila spika kuchomekwa, utaunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndo roho ya ampu.

Haya, za kununua. Mi ni mtu wa Fender, sifichi, kwa klini hakuna wa kunibadilisha.

Ya kwanza ni Fender Twin Reverb, na ya pili iko mbali nyuma yake. Wati 85, tyubu nne za 6L6, spika mbili za inchi 12, na spika mbili pamoja zinasukuma hewa vizuri kuliko moja, kwa hiyo kwenye lile suala langu la spika tayari imeshinda. Umeme wake ndani unageuzwa na dayodi, sio tyubu, ndo maana ukipiga kodi nzito haizami. Ukumbi wowote wa hapa mjini utapiga klini mpaka mpiga drams akuombe upunguze. Kasoro ni uzito, hii ya sasa inayoiga ile ya 1965 ni kilo 29, sahau bodaboda, ni bajaji au gari la rafiki. Siri ndogo: ukikuta mtumba za mwisho wa miaka ya 70, za wati 135, wapiga roki hawazitaki kwa sababu hazikoromi, kwa hiyo bei yake mara nyingi iko chini ya zile za miaka ya 60. Sisi ndo tunazitaka, chukua, ila peleka kwa fundi abadilishe kapasita kwanza, miaka mingi hiyo.

Ya pili ni Fender Hot Rod Deluxe, wati 40, 6L6 mbili, spika moja ya 12. Kwa mtu wa harusi na kanisa nadhani hii ndo wengi watamudu. Voliumu ya zile za zamani inaruka, ukigusa tu uko kwenye mbili imeshakuwa kubwa, usiogope, weka tyubu ya 5751 mahali pa 12AX7 ya kwanza inatulia kidogo. Ukipata kaka yake DeVille ya wati 60 yenye spika mbili, ni bora zaidi.

Ya tatu ni Deluxe Reverb. Wati 22, 6V6 mbili. Kwa sauti yenyewe naipenda hata kuliko Twin, lakini kwenye ukumbi mkubwa peke yake inakoroma, lazima uiwekee maiki iingie kwenye mikisa, au uipe spika ya 102. Kanisa la watu 150 inatosha.

Vox AC30 naiweka ya nne na najua kuna watu watanuna. Ina nguvu, wati 30 za tyubu nne za EL84, inapenya. Lakini ilivyoundwa inaanza kukunja noti mapema, polepole, huwezi kuona mstari umepita wapi, na hicho ndo wapenzi wake wanachokifuata. Mi nataka noti inyooke.

Za bei poa sina mengi. Bugera V55 ina wati 55, ukibadilisha spika unaweza kuishi nayo. Yoyote iliyo chini ya wati 20 kwa kazi ya ukumbi, acha. Na kama huna ugonjwa wa tyubu, Roland JC-120 haina tyubu hata moja na imekuwa klini tangu 1975, hakuna aibu.

Kitu kingine kidogo, punguza besi kwenye ampu. Besi inakula nguvu nyingi kuliko noti zote za juu, na mpiga besi yupo, mwachie kazi yake.

Sasa wauzaji. Ile ampu yangu nyuma iliandikwa 120V 60Hz, ni ya soko la Marekani, na sikuambiwa. Hapa kwetu ni 230V 50Hz. Ningeichomeka ukutani ningeiunguza siku ya kwanza, bahati nilisoma. Nikampigia muuzaji, ananiambia "dada si ununue tu stepdauni", kana kwamba ni kiberiti. Stepdauni, yaani transfoma ya kushushia umeme, ya maana kwa ampu ya tyubu, isiyochemka, angalau wati 500 za kweli kwa Twin, nayo ni hela, na umebeba kilo nyingine. Halafu umeme wenyewe ukishuka, kwangu jioni nimepima nikakuta volti 198 badala ya 230, hiyo ni robo ya nguvu ya ampu imeondoka, na kukoroma kunasogea karibu. Kwa hiyo ukiona mbili zinalingana, moja ya 230V na nyingine ya 120V, ya 120V ishuke bei sana au iache hukohuko.

Na mimi kama mwanamke wananiuliza "mume wako anapiga gitaa gani?" na bei inatajwa juu. Safari ya mwisho nilienda na gitaa langu mgongoni, nikachomeka, nikaomba kupandisha mpaka saba, muuzaji akasema nitasumbua majirani. Nikaondoka. Anayekukatalia kupandisha anajua kitakachotokea.

Ile ya wati 15 naiuza mwezi huu, na ile Vintage 30 ndani. Nimebandika karatasi nyuma nimeandika kwa makapeni: 120V, lazima stepdauni, omu 8, spika desibeli 100, klini mpaka tano tu, chumbani na mazoezini, sio ukumbini.