Riwaya za madubwana ya baharini: kilichoninasa si meno

Vitabu hivi nanunua vya mtumba, kwa wauzaji wanaotandaza chini katikati ya jiji: jalada laini, karatasi iliyogeuka manjano, na mbele picha ya kinywa kilichojaa meno. Bei ni maelewano. Ukikubali kuinama na kula vumbi utapata cha shilingi 150. Navisoma kwenye matatu jioni, Barabara ya Thika ikiwa imefunga. Sura ni fupi na karibu kila moja inamwacha mtu majini, kwa hiyo makanga akidai nauli hupotezi uzi.

Kinachostahili kuanza nacho ni Jaws ya Peter Benchley, ya 1974. Waliotazama filamu ya Steven Spielberg ya mwaka uliofuata watashangaa jinsi kitabu kinavyokaa nchi kavu. Papa anaua watu, na mkuu wa polisi wa Amity, mji wa ufukweni, anataka ufuo ufungwe. Meya hataki, msimu wa wageni umefika, na nyuma yake kuna watu wa magenge wenye pesa zao kwenye ardhi ya mji. Hapo ndipo nilipotekwa. Meya huyo namjua. Anamjua kila mkazi wa Nairobi aliyewahi kuona jengo lililochorwa X nyekundu, alama ya jengo hatari, likiendelea kupokea wapangaji. Papa ana njaa tu, na Benchley mwenyewe baadaye alitumia miaka mingi kuwatetea papa. Anayenitia baridi ni yule mwenye suti anayesema kila kitu kiko shwari. Filamu iliyaondoa mambo ya magenge, ikaondoa pia mapenzi ya siri kati ya mke wa mkuu wa polisi na mtaalamu wa samaki. Hayo ya pili yaende salama. Nami niliziruka kurasa zake.

Meg ya Steve Alten (1997) ina raha nyingine, ya kudanganywa kwa ufundi. Megalodoni, papa jitu wa kale, alitoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Kiunzi chake kilikuwa cha gegedu, kikaoza, yakabaki hasa meno, hivyo ukubwa wake unakisiwa na mtunzi ana uwanja mpana wa kuchezea. Alten anamficha kwenye Mfereji wa Mariana, karibu kilomita 11 chini, katika tabaka la maji yanayopashwa joto na chemchemi za sakafuni, na juu yake baridi inayomfungia. Kisha dume ananaswa na kebo, anavutwa juu, na jike anapanda akifuata mkondo wa damu yenye joto. Upuuzi mtupu, maana kule chini mnyama mkubwa hivyo angekula nini? Lakini nilitikisa kichwa huku nikifungua ukurasa. Tena bahari yenyewe inawapa waongo hawa nguvu: silakanti, samaki aliyedhaniwa kupotea pamoja na dinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwingine akanaswa karibu na Malindi mwaka 2001.

Night of the Crabs ya Guy N. Smith (1976) ina kaa majitu wanaovamia pwani ya Wales. Mazungumzo makavu, wanawake wamechorwa ovyo, na ni sauti ya magando yakigongana usiku tu inayofanya kazi yake. Inatosha kwa jamu moja ndefu; usiipe nafasi kwenye rafu.

Kabla ya kulipa, kagua kurasa za mwisho, kwani nakala za mtumba hupukutika huko. Muuzaji mmoja alijaribu kunituliza: "Chukua tu, dada, mwisho si uliuona kwa sinema?" Nikamrudishia nikaomba nakala nyingine. Kwenye Jaws ya kitabu papa halipuki.