Mafuta ya mwarobaini kwa wadudu weupe wa sakulenti: nyota nne kati ya tano

Baraza langu hapa Tabata limejaa vyungu vya sakulenti, ile mimea minene inayotunza maji kwenye majani au shina: adenia (adenium, waridi wa jangwani) za maua mekundu, mishubiri, kalanchoe, echeveria na sansevieria za kila namna. Chupa ninayoizungumzia ni mafuta ya mwarobaini ya kukamua, mililita 100, niliyoinunua Sh 8,000 kwenye duka la pembejeo Kariakoo, na nimeipitisha kwenye mimea hiyo yote. Ni dawa nzuri na nitainunua tena. Ila mjue mapema kwamba haiui wadudu weupe mnaowaona leo. Kazi yake ni kuwazuia wale wadogo wasikue. Muuzaji asipokueleza hilo, utapulizia jioni, asubuhi utawakuta wadudu palepale, na utaondoka ukisema umeuziwa maji.

Wadudu wenyewe ni vidung'ata, wale weupe wanaojibanza pale jani linapoungana na shina, utadhani ni pamba imenasa. Ule weupe ni nta. Jike mmoja hutaga mayai mamia ndani ya kifuko cha nta hiyo, na maji hayaipenyi, ndiyo maana dawa nyingi za kuchanganya na maji zinateleza na kudondoka chini. Wakishanyonya utomvu wanatoa maji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi nao wanayafuata. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda chungu cha mshubiri, usihangaike kuwafagia. Panua majani uangalie katikati. Sisimizi wanawalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala, na hata kuwahamisha kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Nyanyua vyungu, viweke juu ya meza ambayo miguu yake umeisimamisha kwenye makopo ya maji. Nusu ya vita imeisha.

Waliokwisha kukomaa nawaua kwa spiriti ya hospitali, ile ya asilimia 70 inayouzwa famasi yoyote. Chovya kijiti cha pamba cha masikio, mguse mdudu mmoja mmoja. Nta inayeyuka, mdudu anabadilika rangi anakuwa kahawia, amekwisha. Fanya jioni, mbali na jiko, na jaribu kwanza jani moja ukae kama siku mbili uone. Ni kazi ya subira, najua, lakini hakuna dawa ya dukani iliyonipa matokeo ninayoyaona kwa macho haraka namna hii.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Ndani ya mbegu za mwarobaini kuna kitu kinaitwa azadiraktini. Mdudu akikipata, hamu ya kula inapungua na anashindwa kujivua gamba ili akue. Kwa hiyo mayai uliyoyakosa kwa spiriti yakianguliwa, watoto wanakutana na dawa. Mimi nachanganya kijiko kimoja cha chai cha mafuta na matone machache ya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Sabuni ni lazima, maana bila sabuni mafuta yanaelea juu na mmea unapata maji matupu, kisha mwishoni mafuta yote kwa mkupuo. Tikisa chupa kila mara unapopulizia. Rudia kila baada ya wiki moja, majuma kadhaa mfululizo, kwa sababu mayai hayaanguliwi siku moja yote. Ukiishia mara ya kwanza umepoteza hela.

Pulizia jua likishazama. Sababu ni mbili: jua linaivunja azadiraktini haraka, na jani lenye mafuta likipigwa na jua la Dar linababuka. Harufu yake ni kitunguu saumu kilichochanganyika na karanga zilizooza. Inakaa barazani usiku kucha, asubuhi imeshaisha.

Sasa niseme kwa mimea, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kwenye adenia mafuta haya ni bora kabisa. Utomvu wa adenia ni sumu, zamani watu waliupaka kwenye mishale, na bado kuna vidukari vya manjano vinavyoushambulia bila wasiwasi. Mafuta ya mwarobaini yanavipunguza vizuri. Sansevieria na mishubiri nayo inavumilia. Lakini echeveria zenye unga mweupe wa asili juu ya jani, tafadhali msiziguse kwa mafuta! Unga ule ndio kinga ya jani dhidi ya jua na maji, mafuta yanaufuta, na jani lililokwisha ota haliurudishi. Hizo ni spiriti kwa kijiti tu, tena kwa uangalifu. Mimea ya jamii ya krasula, mfano kalanchoe, nayo haipendi sabuni wala mafuta, ijaribu kidogo kabla ya kuimwagia.

Kuna mambo mawili mafuta haya hayayawezi. La kwanza ni vidung'ata vya kwenye mizizi. Mmea umedumaa, majani yamesinyaa hata baada ya kumwagilia, juu huoni kitu: ung'oe. Ukikuta unga mweupe kwenye mizizi, osha mizizi yote, udongo wa zamani tupa, chungu kisugue, acha mmea ukauke kivulini siku kadhaa, kisha pandikiza kwenye mchanganyiko mpya. Mimi natumia mchanga mnene wa mtoni, kokoto ndogo na pumba za mpunga zilizochomwa. La pili ni utitiri wa mshubiri, ule unaofanya jani au ua livimbe kama donda lenye mabonde. Huo kata sehemu yote, ichome, na kisu kisafishe kwa spiriti kabla hujagusa mmea mwingine.

Dukani kijana alijaribu kunipa dawa nyingine. "Mama, chukua hii ya imidakloprid, unamwaga kwenye udongo mara moja tu, mmea wenyewe unakuwa sumu." Nikamwambia, mwanangu, mshubiri huu wajukuu wangu wanapaka usoni. Kuua inaua, sikatai. Lakini inaingia hadi kwenye maua, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Adenia zangu zinatembelewa sana na wadudu, siwezi kuwawekea sumu. Tena wengine kati yao ndio wanaotusaidia. Kidung'ata wa mihogo alipoingia Afrika miaka ya 1970 akaanza kumaliza mashamba kuanzia Kongo, aliyemshinda ni kinyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeachiliwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981 chini ya mradi wa Hans Rudolf Herren, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi. Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nikikumbuka hilo naona fahari kila ninapokuta dudukobe, yule mbawakawa mdogo anayekula vidung'ata, akitembea kwenye vyungu vyangu, na mafuta ya mwarobaini yanamwathiri kidogo kuliko sumu kali.

Mtaniuliza, mbona tusichume majani tu, mwarobaini umejaa kila mtaa? Chumeni, twangeni, loweka usiku kucha, chujeni. Ni bure. Ila azadiraktini nyingi iko kwenye mbegu, kwa hiyo maji ya majani nguvu yake ni ndogo. Kwa mmea uliokwisha shambuliwa nanunua mafuta.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya chupa. Ni ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, haina tarehe ya kukamuliwa wala ya mwisho, na karatasi yake haitaji kipimo cha kuchanganya. Zaidi ya yote haionyi kuhusu watoto, wakati mafuta haya yakinywewa na mtoto mdogo ni hatari kubwa. Nimeyahamishia kwenye chupa ya kahawia, nimeandika jina kwa kalamu ya wino mzito, na yanakaa kabatini juu, penye giza.

Mkienda kununua, ombeni muuzaji afungue mnuse: mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi yenye harufu kali ndiyo ya kukamua. Yaliyo meupe yasiyo na harufu yaacheni. Na chukueni ya mililita 100. Ile ya lita moja ni ya wenye vitalu, maana nguvu yake inapungua ikikaa muda mrefu bila kuisha.