Kamera tano za Bil'in: filamu niliyoirudia usiku mzima

Haya, karibuni. Niliwaahidi kwamba leo ni zamu ya "No Other Land", ile iliyochukua Oscar mwaka 2025. Itakuja wiki ijayo. Juzi nimeirudia "5 Broken Cameras", filamu ya hali halisi kutoka Palestina, na siwezi kuzungumzia nyingine kabla sijaitoa hii moyoni.

Historia ya mgogoro wa Israeli na Palestina mnaijua, naiacha. Kijiji ni Bil'in, Ukingo wa Magharibi. Mwaka 2005 mkulima Emad Burnat anapata kamera kwa sababu mtoto wake wa nne, Gibreel, amezaliwa. Ya kumpigia mtoto picha tu. Lakini Israeli inajenga uzio unaokata mashamba ya mizeituni, kijiji kinaandamana kila Ijumaa, na kamera inatoka nje.

Sasa tazameni hapa, jamani. Subiri nirudishe filamu kidogo. Hapa! Unaona askari, unasikia mlio, picha inapinduka, mara udongo, mara anga, kisha basi. Kamera imekufa. Hakuna aliyekueleza kitu, lakini wewe uliyekaa kwenye kochi umeshaelewa kwamba kilichopigwa kilikuwa mbele ya uso wa mtu. Hilo linatokea kamera baada ya kamera, na filamu nzima imegawanywa kwa uhai wa kamera hizo. Kila anapowasha mpya, mimi tumbo linanikaza, maana najua na hiyo haitadumu. Na katikati ya hayo Gibreel anakua. Kati ya maneno yake ya kwanza kuna "jeish". Sisi hatuhitaji mkalimani hapo. Ni jeshi. Mtoto hajui kuongea vizuri, anasema jeshi.

Kilichoniudhi ni usimulizi. Emad anasimulia mwenyewe, na mara nyingine anaeleza kitu tunachokiona kwa macho yetu. Nilitaka kukata alama. Halafu ikafika 2009, Bassem Abu Rahmah, kijana aliyependwa na watoto, waliyemwita Phil, yaani tembo, anapigwa kifuani na bomu la machozi na kufariki. Sauti ya Emad ikabaki ileile, ya chini, na ndiyo pekee niliyoweza kuishika. Alama narudisha zote.

Mnaouliza ipi bora kati ya hizi mbili: zote zimetengenezwa na Wapalestina pamoja na Waisraeli, hii ni Burnat na Guy Davidi. Ile "No Other Land", ya vijiji vya Masafer Yatta, imepangwa vizuri zaidi. Hii iko karibu zaidi na nyumba. Soraya, mkewe, anapomwambia aache kupiga picha, unamsikia mke aliyechoka kweli.

Kuhusu kuipata, ikodini kwa njia halali, msiniombe linki za wizi kwenye maoni. Nakala yangu ina tafsiri ya Kiingereza tu, hilo linaniuma, kwa hiyo nilimsomea mama sentensi kwa sentensi. Ilipoisha hakuuliza habari za tuzo. Aliuliza, "Na ile mizeituni, waliipata?"

Mama, na ninyi nyote: mahakama ya Israeli iliamuru mwaka 2007 njia ya uzio ibadilishwe, ukasogezwa 2011. Sehemu ya ardhi ilirudi. Nyingine iko upande wa pili hadi leo.