rsnapshot: miaka miwili ikitunza picha zangu za harusi

Napiga picha za harusi, na kwa miaka miwili nakala zangu zote zinatunzwa na rsnapshot, programu ya bure inayotumia rsync, chombo cha kunakili faili.

Ninachokipenda ni inavyobana nafasi. Kila usiku inaunda folda mpya yenye picha zote, lakini picha isiyobadilika hainakiliwi tena. Inapewa jina jingine tu, linaloelekea data ileile diskini. Hicho ndicho kiungo kigumu. Andika amri ls -li kwenye terminali, utaona namba ya inodi, yaani kitambulisho cha faili diskini, ni moja. Hakuna jina la asili na jina la nakala, yote yana hadhi sawa, na data haipotei mpaka jina la mwisho lifutwe. Nilifuta folda ya Jumatatu, picha zikabaki nzima kwenye ya Jumanne.

Zamani nilitumia viungo vya ishara nikidhani ni nakala. Kumbe kiungo cha ishara hubeba njia tu ya kufikia faili. Nilipohamisha folda moja, albamu nzima ya mteja ikawa majina matupu. Iliniuma sana.

Kasoro zipo. Diski yenye mfumo wa faili wa exFAT haikubali viungo vigumu, nikaifomati upya kuwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Faili ya mipangilio inadai tabo (kitufe cha Tab) kati ya maneno badala ya nafasi za kawaida, na hilo lilinimalizia jioni nzima. Tena usihariri picha ndani ya folda za nakala: ukiandika juu ya faili ileile, nakala za siku zote zinazoishiriki zinabadilika. Diski ya pili naiweka kwa dada yangu, maana diski hii ya kwanza ikifa, majina yote yanakwenda nayo.