Nimelipia barabara kwa kila namna: uzoefu wangu kutoka Tanga

Nina Kanta, lori dogo la tani tatu na nusu, na kazi yangu ni machungwa ya Muheza. Nayachukua shambani, nayashusha soko la Buguruni, Dar, mengine yanavuka hadi Kigamboni, na msimu ukikolea kuna mteja wa Nairobi ambaye mzigo wake unapitia mpaka wa Horohoro. Barabara kwangu ni kama jiko kwa mama lishe. Ikiharibika, siku hiyo hatuli.

Gari langu linalala Barabara ya Kumi na Mbili hapa Tanga mjini, jirani na kijiwe cha kahawa. Mimi mwanamke sikai kijiweni, ila nikiwa nakagua matairi jioni nasikia kila kitu. Tangu watu waanze kusikia habari ya barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na baadaye Morogoro, kijiwe hakijatulia. Mzee mmoja anasema akilipia barabara tena atakuwa ameoa mke mmoja kwa mahari mbili. Kijana wa bodaboda anamjibu kwamba wenye haraka zao na walipe, wengine tubaki chini na foleni yetu. Mimi nimeshalipa kwa karibu kila namna inayojulikana ukanda huu, basi niseme kila moja nimeionaje.

Nianze na malipo ambayo wengi hawajui kwamba wanalipa, yaani yale ya sheli.

Wenye magari mnaikumbuka ile leseni ya barabara ya kila mwaka, ile stika ya kwenye kioo. Trafiki akikusimamisha, jicho lake linaanza pale. Ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017, tukashangilia. Dereva wangu, ambaye sote tunamwita Mjomba, aliibandua kwa kisu cha kumenyea machungwa. Kumbe mwaka huohuo ushuru wa mafuta ulipanda shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani. Mwaka 2023 ikaja 100 nyingine, hiyo ya miradi ya kimkakati. Na hizo zote zimekaa juu ya tozo ya barabara iliyokuwepo siku nyingi kabla yake.

Sasa fanyeni hesabu nami. Safari ya Muheza hadi Dar na kurudi, na mzigo wa kwenda, Kanta yangu inakunywa lita kama 110. Arobaini mara 110 ni 4,400. Mia ya 2021 ni 11,000. Mia ya 2023 ni 11,000 nyingine. Jumla 26,400 kwa safari moja, na hapo nimehesabu nyongeza za miaka hiyo mitatu tu. Stika niliilipia mara moja kwa mwaka. Hii nailipia kila Mjomba anapokanyaga mafuta.

Sisemi ni mbaya yote. Ina haki yake: gari likilala halilipi, anayetembea sana analipa sana, na hakuna kibanda cha kusimama wala chenji ya kugombania. Lakini nendeni pale Deep Sea muwaulize wavuvi. Petroli ya mashine za boti wanainunua sheli zilezile, kwa bei ileile. Baharini kuna lami gani?

Jambo jingine nililochelewa kulielewa ni kwamba fedha inayokwenda Mfuko wa Barabara kazi yake kubwa ni matengenezo. Kuziba mashimo, kufyeka kando, kusafisha mitaro, kuweka lami upya pale ilipochoka. Barabara kubwa mpya kwa kawaida haitoki humo, inatoka kwenye bajeti ya serikali, mkopo au msaada. Ile ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wao wa Milenia. Hii ya pwani, ya kutoka Tanga kupitia Pangani kwenda Bagamoyo, ina mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ndani yake. Kwa hiyo yule mzee wa mahari mbili ana hoja, ila haijakaa sawasawa. Mahari ya kwanza alilipia matunzo. Harusi yenyewe aligharamia mtu mwingine, na huyo atakuja kudai chake.

Ukiniuliza kitu gani cha barabara kimenisaidia kuliko vyote, nitakujibu daraja la Wami, kwenye njia yetu ya kwenda Dar, na pale hakuna anayekaa kibandani kunidai. Daraja la zamani lilikuwa la mwaka 1959, jembamba, magari yanapita kwa zamu, na unalifikia baada ya mteremko wenye kona. Nimewahi kukaa pale juu usiku, lori limeharibika katikati ya daraja, machungwa yangu yanachemka kwenye matenga, tingo analala chini ya gari kama yuko kwao. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022, urefu wake umepita mita 500, na lilijengwa kwa fedha za serikali yenyewe. Siku ya kwanza tunapita juu yake, Mjomba alipunguza mwendo, akatazama kule chini, akasema, “Mama Kanta, tulikuwa tunapita pale?” Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

Kigamboni ni habari nyingine. Daraja lile lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680, njia sita, na lilijengwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa ubia na serikali. Yaani sehemu kubwa ni michango ya wafanyakazi, na michango haigawiwi bure, lazima irudi ili mstaafu apate chake. Hilo nalielewa vizuri, marehemu baba yangu alikuwa mwanachama. Kama huduma, sina la kulalamika. Unafika, unalipa, unapewa risiti, kizuizi kinanyanyuka, umevuka. Kwangu mimi ninayekwenda Kibada mara mbili au tatu kwa mwezi, naiweka kwenye bei ya tenga na maisha yanaendelea.

Lakini mimi ni mgeni pale. Wateja wangu wanaishi kule, na niliposikiliza hesabu yao nilinyamaza. Lilipoanza, pikipiki ilikuwa 600 na gari dogo 1,500. Mtu anayefanya kazi mjini avuke asubuhi, arudi jioni, siku 26 za kazi, gari dogo: 78,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba. Mama mmoja anayeuza machungwa yangu kwa rejareja aliniambia, “Dada, mimi nyumbani kwangu naingia kwa kiingilio, kama mpirani.” Viwango vilishushwa mwaka 2022 baada ya watu kupiga kelele miaka na miaka, na kilio kilipungua, hakikwisha. Ukitaka kukwepa unazungukia Kongowe, au unapanda kivuko cha Magogoni ambacho nacho kina nauli. Njia ya bure ipo, ila uitafute kwa mafuta yako, na mafuta yenyewe tumeshayasema.

Huku kwetu watu wanasahau kwamba kulipa ili kupita si jambo la jana. Mtu wa Pangani amelipa maisha yake yote. Nikifuata nazi Kipumbwi lazima nivuke Bweni kwa kivuko: tiketi ya gari, tiketi ya watu, subira ni ya bure. Daraja linajengwa pale, nami nalisubiri kama mwezi wa Idi.

Tuje Nairobi. Mteja wangu alinipokea Mlolongo, nilikoshukia basi la kutoka Mombasa. Akasema leo tunapita juu. Ile ekspresiwei ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake imepandishwa juu ya nguzo, ilijengwa na kampuni ya Kichina ambayo itakusanya tozo kwa miaka 27 kisha iikabidhi serikali ya Kenya. Ilianza kutumika mwaka 2022, gari dogo likilipa kuanzia shilingi 100 ya Kenya hadi 360 kwa njia nzima. Mwanzoni mwa 2024 ikapanda, 170 hadi 500. Mia tano ya kwao ni karibu elfu kumi yetu, mara moja, upande mmoja.

Na nisiwe mnafiki: niliipenda. Tulipita kama tumebebwa. Nikachungulia chini, Barabara ya Mombasa ilikuwa imeshona, matatu zimebanana, watu wanashuka wanatembea kwa miguu. Nikajisikia vizuri, kisha nikajisikia vibaya kwa kujisikia vizuri. Mteja wangu akacheka. Alisema yeye hupanda juu akiwa na mzigo wa haraka au akiwahi benki, siku nyingine hukaa chini na wenzake. Hilo ndilo lililonibakia. Anachagua. Barabara ya chini ipo palepale, ya bure, mbaya lakini ipo.

Kenya hiyohiyo, ilipotangazwa kwamba barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit itapanuliwa na kulipiwa, kelele zilikuwa kubwa zaidi, na sababu naielewa. Mtu wa Nakuru anauliza nipite wapi? Hapo hawajengi ya juu na kukuachia ya chini. Wanaichukua uliyoizoea, wanaitanua, wanaweka kizuizi. Tena mwezi Julai 2024 tozo ya matengenezo kwenye mafuta yao ilikuwa imepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Wamelipa pampuni, walipe na njiani.

Sasa Kibaha–Chalinze. Kilomita karibu 79 za kwanza, zijengwe kwa ubia na mwekezaji, zirudishe fedha kwa tozo. Kila anayetoka Tanga akafika Chalinze usiku wa Jumapili anajua kwa nini inatakiwa. Malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda, mabasi ya bara, magari madogo yanayochomekea, na mzani wa kupimia malori wa Vigwaza hapo katikati. Nimewahi kutumia saa nne kutoka Chalinze hadi Kibaha. Machungwa hayajui foleni, yanaanza kulainika yenyewe, na dalali wa Buguruni akibonyeza moja tu likamtumbukia kidole, bei imeshuka. Siku ile nilipoteza zaidi ya tozo ya wiki nzima. Kwa hiyo wakinipa kilomita 79 za kutiririka, nitalipa. Naliandika hili nikijua kijiweni watanisema.

Sharti langu ni moja. Ile ya zamani ibaki, tena ibaki ikitengenezwa, isiachwe ife ili tulazimike kupanda ile mpya. Sisi wa Tanga tuna bahati ambayo mtu wa Morogoro hana: tukifika Msata tunakata kushoto, kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo, kisha Bunju na Tegeta. Mabasi yetu mengi yanapita huko. Mimi pia hupita huko mzigo ukiwa wa Mwenge. Mtu wa Morogoro akikimbia kizuizi atakimbilia wapi? Na malori yakiamua kukimbilia Msata nayo, hiyo njia ya Bagamoyo tutaitambua? Haikujengwa kubeba foleni ya nchi nne. Hili sijasikia likijadiliwa sana, na kijiweni nilipolisema kwa mbali wakaniambia, “Mama Kanta, wewe kanunue machungwa.” Nikanunua.

Jumatatu iliyopita nilijaza mafuta kabla ya kupanda Muheza. Kijana wa pampu akanipa risiti ya mashine: lita, bei, jumla. Nikamwuliza, mwanangu, humu ya barabara ni shilingi ngapi? Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniangalia kama nimemwuliza umri wa mkwewe. “Mama, hiyo haitoki kwenye mashine.”

Kwenye dashibodi nina bahasha ya risiti za Kigamboni, kila moja inasema nimelipia nini. Hii ya mafuta nikaikunja, nikaisukumia humohumo pamoja nazo. Mjomba akawasha gari.