Red Line MTL na MT-90: oili ya giaboksi inayoiacha sinkronaiza ishike

Oili nyingi zinazouzwa kama "oili ya gia" zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya deferensho. Giaboksi inatajwa kwenye kopo kwa kudandia tu. MTL na MT-90 za kampuni ya Red Line ya Marekani zimeanzia upande wa pili. Ni oili za giaboksi ya gia za mkono, daraja la GL-4 (GL ni madaraja ya oili za gia, na namba ikipanda dawa ya kulinda meno inazidi), na mtengenezaji mwenyewe anasema hazifai deferensho yenye meno ya haipoidi, yaani meno yaliyopinda yanayoburuzana yanaposukumana. Onyo hilo ndilo sifa yao kubwa.

Tazama kinachotokea unapohamisha gia kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ringi ya sinkronaiza, mara nyingi ya shaba ya njano, inasukumwa ikae juu ya koni ya chuma iliyo ubavuni mwa gia. Uso wa ndani wa ringi umechongwa mifereji myembamba kama uzi wa skrubu. Mifereji hiyo inaukata utando wa oili, shaba inagusa chuma, na msuguano unaibadilishia gia mwendo mpaka ulingane na wa shafti. Hapo ndipo meno yanaruhusiwa kuingiliana. Yote haya hayafiki sekunde moja.

Kwa hiyo oili ya giaboksi ina kazi mbili zinazovutana: izuie meno na beringi zisilike, na papo hapo ipishe ringi ishike. Ikiteleza kupita kiasi, ringi inazunguka juu ya koni bila kushika, na unasikia krrr kabla gia haijaingia. Ikiwa nzito mno, asubuhi ya baridi mifereji inashindwa kuikata na leva inagoma, hasa gia ya pili. Gari likishapata joto leva inalainika, na mwenye gari anasahau mpaka kesho yake.

Deferensho haina ringi wala koni. Meno yake ya haipoidi yanaburuzana kwa shinikizo kali, ndiyo maana yanahitaji kemikali za salfa na fosforasi zinazojenga ngozi nyembamba juu ya chuma, ili ichubuke ngozi badala ya jino. GL-5 ina kemikali hizo takriban mara mbili ya GL-4, na salfa kali ikipata joto hushambulia shaba. Ni kweli kwamba GL-5 nyingi za sasa zimetiwa kinga ya shaba, na si haki kudai kila GL-5 inakula sinkronaiza. Ila kutoila shaba ni jambo moja, kuiacha ringi ishike ni jambo jingine kabisa. Anayetaka kujua la kwanza aombe karatasi ya vipimo ya oili na atafute mstari wa ASTM D130. Katika kipimo hicho kipande cha shaba nyekundu kilichong'arishwa huzamishwa kwenye oili ya moto kwa saa kadhaa, kisha rangi yake hupewa daraja la 1 hadi 4. Daraja la 1 ni shaba iliyofifia kidogo tu. La 4 ni shaba iliyopiga weusi na kuliwa. Lile jambo la pili, ringi kushika, halina mstari kwenye karatasi yoyote ile, linajulikana mkononi, kwenye leva.

Tofauti ya MTL na MT-90 ni uzito. MTL ni 75W-80 (namba yenye W ni ya uzito wa oili kwenye baridi, ya mwisho ni ya kwenye joto), na kwenye nyuzi 100 za Selsiasi mnato wake ni kama sentistoki 10.6; sentistoki ikiwa nyingi, oili ni nzito. MT-90 ni 75W-90 na ina kama 15.6. Zote ni za sintetiki, na zote zinabaki nyepesi kiasi cha kutosha kwenye baridi, jambo ambalo 80W-90 ya kawaida haiwezi. Kitabu cha gari kikitaja 75W-80, au kikitaja MTF, oili nyepesi ya giaboksi ya gia za mkono, kama wafanyavyo Honda, chukua MTL. Kikitaja 75W-90 ya GL-4, chukua MT-90. Kuweka MT-90 palipotakiwa MTL kwa imani kwamba nzito inalinda zaidi ni kosa la kawaida, na malipo yake ni leva ngumu. Kinyume chake, MTL kwenye giaboksi ya 75W-90 inaweza kuleta mlio wa gia kugongana kwa wepesi gari likiwa limesimama, injini ikinguruma, leva ikiwa kwenye nyutro.

Namba zenyewe zinapotosha watu wengi. Mizani ya oili ya gia na mizani ya oili ya injini ni mbili tofauti. 90 ya gia na 40 ya injini zinakaribiana sana kwa uzito: kwa nyuzi 100, SAE 90 huanzia sentistoki 13.5, na SAE 40 ya injini ni kati ya 12.5 na 16.3. Basi Honda waliporuhusu kwenye vitabu vyao 10W-30 au 10W-40 ya injini itumike kwa muda pale MTF inapokosekana, hawakuwa wanabahatisha. Uzito unatosha. Kinachopungua ni dawa ya kulinda meno ya gia na msuguano uliopimwa kwa ajili ya ringi, ndiyo maana wakasema kwa muda.

Kuna giaboksi ambazo hizi mbili hazifai kabisa, na hapa tunaomba msomaji awe makini. Subaru nyingi za gia za mkono zina deferensho ya mbele ndani ya kasha moja na giaboksi, zikichangia oili ileile. Meno ya haipoidi yamo humo, kwa hiyo kitabu kinataka GL-5, na GL-4 itayamaliza. Gari la magurudumu ya mbele ambalo injini imelala kwa upana halina tatizo hilo, kwa sababu gia yake ya mwisho ni ya meno ya mshazari, si haipoidi. Ziko pia giaboksi zilizoundwa kwa ATF, ile oili nyekundu ya otomatiki. T-5 za kizazi cha pili kutoka Borg-Warner ni mfano unaojulikana. Ringi zake zina bitana ya msuguano badala ya shaba tupu. Ukizimiminia 90 gia zitaingia kwa shida, na beringi zake nyembamba hazitapata oili inavyopaswa. Na malori makubwa yasiyo na sinkronaiza yana daraja lao, MT-1.

Washindani wapo. Motul Gear 300 ya 75W-90 imeandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja. Ni oili bora sana ya kuvumilia joto na mzigo, na ukiwa na kasha lenye giaboksi na deferensho pamoja ningeitaja kabla ya nyingine. Lakini kopo lenye madaraja yote mawili maana yake lina dozi ya GL-5, kwa kuwa daraja hilo halifikiwi kwa dozi ndogo. Kwa giaboksi yenye ringi za shaba zilizokwisha tembea, chaguo langu linabaki GL-4 tupu. Castrol Syntrans Multivehicle na Liqui Moly GL4+ ziko upande huo wa GL-4, zote 75W-90, na MT-90 ikikosekana mojawapo inatosha bila majuto. Na kama oili ya mtengenezaji wa gari inapatikana na gari halina malalamiko, anzia hapo. Red Line inastahili gharama yake ya ziada pale ambapo gia ya pili au ya tatu imeanza kusugua, au gari linapigwa gia kwa haraka.

Lawama moja ya wazi: chupa yake ni ya mililita 946, siyo lita. Mazda MX-5 ya gia tano inachukua lita 2.0. Chupa mbili zinakupa lita 1.89, na unabaki umelala chini ya gari ukisubiri tone lisilokuja. Nunua tatu.

Kuimwaga ni kazi rahisi yenye mtego mmoja. Endesha gari dakika 10 au 15 oili ipate joto, kisha liinue likae sawasawa kwenye stendi nne; likiinama mbele au nyuma, kipimo kinakudanganya. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma baada ya kuwa umeshamwaga, gari halitoki hapo. Acha oili ichuruzike dakika 20. Weka washa mpya (ile ringi bapa ya kuzibia) kwenye kila nati, na kaza kwa kipimo cha kitabu, maana kasha ni la alumini na uzi wake hukatika kwa mtu mwenye nguvu. Jaza kwa pampu ya mkono au mpira mwembamba mpaka oili ifike mdomo wa tundu na kuanza kudondoka, subiri idondoke polepole, funga. Baadhi ya giaboksi hazijazwi kwa tundu bali kwa ujazo uliopimwa, na kitabu kitasema hivyo.

Soma kilichotoka. Sumaku ya nati ikiwa na tope la kijivu laini kama masizi, ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni jino au beringi. Chenga za dhahabu zinazoelea kwenye beseni ni shaba ya ringi, nazo hazishikwi na sumaku, kwa hiyo inamisha beseni kwenye mwanga uzitafute. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji.

Kabla ya kununua chochote, pima klachi. Zima injini, pitisha gia zote. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi 5, ingiza rivasi. Kama injini ikiwa imezimwa zote zinaingia laini na ikiwashwa rivasi inasaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri, na hakuna oili itakayorekebisha hilo. Mlio unaosikika kwenye nyutro na kupotea ukikanyaga klachi mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia. Usiongeze kwenye MTL wala MT-90 dawa yoyote ya "kupunguza msuguano". Msuguano wa ringi ndio uliolipia. Baada ya kilomita mia chache, pitisha kidole chini ya nati zote mbili: kikitoka kikavu, washa zimekaa.